Dawa ya Tumbo katika Nchi ya Chai

Msomaji, ukisafiri kutoka Nakuru kwa njia ya Mau Summit ukateremkia Kericho, utaona kwanza misitu ya miti mirefu, kisha ghafula utaona michai. Michai hiyo imekatwa sawasawa kana kwamba imepimwa kwa uzi, nayo hufunika vilima na mabonde mpaka macho yachoke. Mgeni aghalabu hudhani kuwa nchi hii ilikuwa hivyo tangu kuumbwa kwake. Sivyo. Michai ya Kericho na Bomet haijapata umri wa nyumba nyingi za mawe za Lamu au Mombasa, na kabla ya kuja kwake, nchi hii ilijulikana kwa mimea ya namna nyingine. Nataka nikusimulie habari za mimea hiyo, hasa ile iliyotumiwa kwa maumivu ya tumbo, kwa kuwa habari zake zimefungamana na historia ya mahali hapa na vilevile na jambo moja kubwa lililogunduliwa mbali sana, katika bara la Australia.

Juu ya asili ya jina la Kericho zipo habari mbili. Wapo wasemao kuwa ni jina la kiongozi mmoja wa Wamasai, Ole Kericho. Wengine husema kuwa latokana na neno la Kikipsigis kerichot, ambalo maana yake ni dawa. Ama kwa sababu ya mganga mmoja aliyekaa hapo, ama kwa sababu ya hospitali ya kwanza ya serikali ya wakoloni, ambayo wenyeji waliiita mahali pa dawa. Mimi huipendelea habari hii ya pili, si kwa kuwa imethibitishwa kuliko ile ya kwanza, bali kwa kuwa wazee wengi wa huku huishika hiyo, na jinsi watu wanavyoyaeleza majina ya kwao ni sehemu ya historia pia.

Katika desturi ya Wakipsigis, mjuzi wa dawa za miti aliitwa kipkerichot akiwa mwanamume, na chepkerichot akiwa mwanamke. Aghalabu alikuwa mwanamke. Alijifunza kwa mama yake au kwa shangazi, akienda naye msituni na kurudi naye, akionyeshwa gome lipi lichukuliwe na mzizi upi uachwe. Hakuwa mchawi, wala hakuwa orkoiyot. Shika tofauti hii, msomaji, maana waliotawala nchi hii hawakuishika vema. Orkoiyot alitoka katika ukoo wa Talai. Kazi yake ilikuwa kutabiri, kubariki vita na kuomba mvua, na neno lake lilikuwa na nguvu juu ya watu wengi. Chepkerichot alishughulika na mtoto mwenye kuhara, mama aliyejifungua na mzee mwenye tumbo linalowaka.

Serikali ya Kiingereza iliwaogopa waorkoiyot kwa sababu za utawala. Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa mwaka 1905 alipokwenda kukutana na Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani. Huku Kericho, Kipchomber arap Koilegen alihamishwa mwaka 1914, akafia uhamishoni Fort Hall, mji unaoitwa leo Murang'a. Mwaka 1934 ilitungwa sheria maalumu ya kuuondoa ukoo mzima wa Talai katika nchi ya Wakipsigis, na watu karibu 700, pamoja na wanawake na watoto, walipelekwa Gwassi kando ya Ziwa Viktoria, mahali penye joto na malale. Waliosalia hawakurejea mpaka mwaka 1962, uhuru ulipokuwa mlangoni. Zaidi ya hayo ilikuwapo Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, iliyotumika katika Kenya nzima. Sheria hiyo haikumtaja chepkerichot kwa jina. Lakini askari aliyekuta vibuyu na mafundo ya mizizi katika nyumba ya mwanamke mzee hakuwa na elimu ya kutenga dawa ya tumbo na hirizi ya kudhuru watu. Basi ilikuwa salama zaidi kuficha. Elimu ambayo tayari ilikuwa ya nyumba moja moja ikazidi kuwa ya siri, na elimu ya siri ina hatari yake: mwenyewe akifa kabla ya kumfundisha mtu, hakuna pa kuitafuta.

Walioandika kwa bidii walikuwapo, lakini wachache. A. C. Hollis alichapisha kitabu chake juu ya Wanandi mwaka 1909, na J. G. Peristiany akachapisha chake juu ya Wakipsigis mwaka 1939. Vitabu hivyo vyafaa kusomwa hata leo. Hata hivyo waandishi hao walikuwa na hamu zaidi ya kujua marika, ndoa, ng'ombe na sheria. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1976 ndipo John Kokwaro, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alipotoa kitabu cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, kikiwa na majina ya mimea hiyo katika lugha za wenyeji. Katika kurasa zake mwanafunzi wa Bomet aweza kukuta majina ambayo bibi yake aliyataja jikoni.

Sasa nikutajie mitatu tu katika mimea hiyo.

Wa kwanza ni soget, ambao Wagikuyu huuita muthiga, na wataalamu Warburgia ugandensis. Ni mti wa msituni wenye majani mabichi yanayong'aa. Ukitafuna kipande kidogo cha gome lake, kwanza huhisi kitu. Baada ya punde kidogo ulimi huwaka kuliko kwa pilipili. Gome hilo hutafunwa au huchemshwa kwa ajili ya kikohozi, jino na maumivu ya tumbo. Wa pili ni tendwet, yaani Prunus africana, mti mrefu wenye gome jeusi lililopasukapasuka, ambalo likivunjwa hutoa harufu kama ya lozi chungu. Gome lake nalo lilitumiwa kwa tumbo, na mara nyingine lilichemshwa pamoja na mifupa au nyama katika mchuzi. Wa tatu ni senetwet, yaani Senna didymobotrya, kichaka chenye maua ya manjano yaliyosimama kama mishumaa. Huu waujua, msomaji, hata kama hukujua kuwa waujua; maana mkaa wake ndio upakwao ndani ya kibuyu kabla ya kutiwa maziwa ya mursik. Majani na mizizi yake huendesha tumbo, na ikizidi kipimo hudhuru. Wajuzi wa zamani walilijua hilo na wakapima kwa uangalifu.

Mimea hiyo ilihitaji msitu, au angalau ukingo wa msitu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ilitoa ekari 25,000 karibu na Kericho kwa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ilianguka upesi na mpango ule ukafa. Lakini ardhi haikurudishwa kwa wenyeji. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yaliingia, na michai ikapandwa. Tangu hapo msitu ulirudi nyuma mwaka hata mwaka, na njia ya chepkerichot kwenda kwenye mti wake ikawa ndefu zaidi, au ikakatizwa na shamba la mtu ambaye hakumtaka apite. Katika vitabu vyetu vya shule suala la ardhi ya Kericho huelezwa kwa hesabu ya ekari, malisho na makaburi, na ni haki kufanya hivyo. Lakini duka la dawa la watu wale nalo lilikuwa katika ardhi hiyohiyo, na sijaona mahali pengi panapolihesabu.

Wakati huohuo dawa za namna nyingine zilikuwa zikifika. Makampuni ya chai yalijenga zahanati kwa wafanyakazi wao. Wamisionari wa Kimarekani walianzisha kituo cha dawa Tenwek, karibu na Bomet, mwaka 1937. Hapakuwa na daktari wa kudumu mpaka mwaka 1959, alipokuja Ernest Steury, naye akawa daktari wa peke yake kwa muda wa miaka kumi hivi. Leo Tenwek ni hospitali kubwa ya kufundishia madaktari, na mto Nyangores unaoanguka karibu nayo umeipatia umeme tangu mwaka 1987.

Basi mgonjwa wa tumbo katika nchi ya Kericho akawa na milango miwili. Huku alikuwako chepkerichot na gome. Huku alikuwako mganga wa zahanati na chupa ya dawa nyeupe ya kupoza tindikali. Labda wadhani kuwa yule wa pili alijua sababu ya ugonjwa na yule wa kwanza hakuijua. Ukweli ni kwamba wote wawili hawakuijua, wala profesa wa London hakuijua.

Kidonda cha tumbo ni kidonda kweli, si jina la fumbo. Ndani ya tumbo mna tindikali kali, ambayo Mwingereza William Prout aliitambua katika miaka ya 1820. Tindikali hiyo husaidia kusaga chakula na kuua vijidudu. Ukuta wa tumbo hujikinga kwa ute mzito. Ute ukishindwa, tindikali huula ukuta wenyewe, na kidonda kikichimba hata kufika kwenye mshipa, mgonjwa hutapika damu au hutoa choo cheusi kama lami. Kwa kuwa tindikali ndiyo iliyoonekana ikiunguza, waganga waliamini kuwa tindikali ndiyo chanzo, na kwamba huongezwa na wasiwasi, haraka na pilipili. Mwaka 1915 Bertram Sippy wa Chicago aliwapa wagonjwa wake maziwa na krimu kila saa. Kuanzia mwaka 1943 Lester Dragstedt, naye wa Chicago, alikata mishipa ya fahamu iendayo tumboni ili tindikali ipungue. Watu wengi walipasuliwa matumbo kwa njia hii na nyingine zinazofanana nayo. Wengine walipona, wengine kidonda kilirudi.

Wala usidhani kuwa waganga wa Ulaya na Marekani hawakuigusa mimea. Mwaka 1949 Garnett Cheney wa California aliandika kuwa wagonjwa 13 walionywa maji ya kabeji mbichi na vidonda vyao vikapona upesi. Kabeji! Mboga ile ile inayouzwa sokoni Litein na Sotik. Lakini Cheney katika jaribio lile hakuwa na kundi jingine la wagonjwa, lililotibiwa wakati uleule bila kabeji, la kulinganishia. Vidonda vya tumbo vina tabia ya kufunga vyenyewe na kufunguka tena. Basi bila kundi la kulinganisha, huwezi kujua ni nini kilichoponya.

Habari ya mzizi wa likorisi ni nzuri zaidi, na ningependa uisome polepole. Mzizi huo ni mtamu kuliko sukari, na watu wa Mashariki ya Kati na Ulaya wameutumia tangu zamani. Katika mji wa Heerenveen, Uholanzi, alikuwako mwuza dawa aliyetengeneza uji mzito wa likorisi, na wagonjwa wa tumbo waliokuwa wakiutumia walisema wanapata nafuu. Daktari mmoja aitwaye Revers hakuwacheka. Aliuchunguza, na mwaka 1946 akaandika kuwa kweli vidonda vilipungua. Lakini pia akaandika kuwa karibu mmoja katika kila wagonjwa watano alivimba uso na miguu. Wataalamu wa Uingereza walichukua kitu kimoja kilichomo katika mzizi huo, wakakigeuza kidogo, wakapata dawa iitwayo kabenoksoloni. Mwaka 1962 Richard Doll na wenzake waliijaribu kwa kuwagawa wagonjwa makundi mawili, moja likapewa dawa na jingine lisipewe. Huyu Doll ndiye yule aliyeonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Jaribio lake lilithibitisha kuwa vidonda vya tumbo vilipona haraka zaidi kwa dawa ile. Lakini ile hitilafu ya kuvimba haikuondoka kabisa, kwa sababu dawa iliufanya mwili uzuie chumvi na maji. Hatimaye zilipokuja dawa nyingine, kama simetidini ya mwaka 1976 iliyotokana na kazi ya James Black, kabenoksoloni ikaachwa.

Twaa habari hiyo uilinganishe na gome letu la soget. Tofauti si kwamba mmea mmoja ni wa Wazungu na mwingine wa Waafrika. Tofauti ni kwamba kwa likorisi alitokea mtu aliyehesabu: wangapi walipona, wangapi walivimba, wangapi hawakupewa kitu nao wakapona. Kwa soget, ambao umetumiwa na watu wengi sana kwa vizazi vingi, hesabu hiyo haikufanywa.

Sasa twende Perth, upande wa magharibi wa Australia. Mwaka 1979 Robin Warren, daktari aliyechungulia nyama za wagonjwa kwa hadubini, aliona vijidudu vilivyopinda katika ukuta wa tumbo. Wenzake walimwambia haiwezekani, maana kila kitabu kilisema kuwa hakuna kijidudu kinachoweza kuishi katika tindikali ile. Mwaka 1981 alijiunga naye kijana mmoja, Barry Marshall. Walijaribu kuvikuza vijidudu hivyo katika vyombo vya maabara, wakashindwa mara nyingi, kwa kuwa vyombo vilitupwa baada ya siku mbili kama ilivyokuwa desturi. Ikaja sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1982. Watu walikwenda mapumziko, vyombo vikasahauliwa kwa siku tano, na waliporudi wakakuta vijidudu vimeota. Vilihitaji muda tu.

Wakuu wa elimu ya tumbo hawakuridhika. Ikiwa vijidudu vipo, walisema, labda vimefuata kidonda, wala havikukileta. Swali hilo lilikuwa la haki. Marshall alijaribu kuwaambukiza nguruwe, haikufaulu. Basi mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 32, alichukua kikombe cha mchuzi uliojaa vijidudu hivyo akakinywa. Baada ya siku chache alianza kutapika, na pumzi yake ikanuka. Walipomtazama ndani ya tumbo siku ya kumi, walikuta uvimbe na wekundu, na vijidudu tele. Hakupata kidonda, bali alipata ule ugonjwa wa ukuta wa tumbo unaotangulia kidonda. Sikushauri, msomaji, kufanya kama alivyofanya. Hata mkewe, yasimuliwa, alikasirika sana alipopata habari. Kijidudu chenyewe huitwa Helicobacter pylori. Huishi katika tindikali kwa kutengeneza amonia inayoizimua tindikali iliyo karibu nacho. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikitaja kuwa ni miongoni mwa visababishi vya saratani ya tumbo, na mwaka 2005 Warren na Marshall wakapewa Tuzo ya Nobel. Ugonjwa uliotibiwa kwa kisu na kwa maziwa sasa hutibiwa kwa dawa mbili za kuua bakteria pamoja na dawa ya kupunguza tindikali, kwa wiki mbili hivi.

Katika Kenya kijidudu hiki hukaa tumboni mwa watu wengi mno, na wengi wao hukipata utotoni. Walio wengi hawaumwi kamwe. Kwa nini mmoja aumwe na jirani yake asiumwe, ni swali ambalo wataalamu bado wanalishughulikia. Na mwaka 1992 Christopher Holcombe alilipa fumbo hilo jina la kitendawili cha Afrika, kwa kuwa aliona maambukizo mengi barani humu lakini saratani ya tumbo chache.

Je, habari za Perth zamfanya chepkerichot kuwa mjinga? La. Aliyeona mgonjwa akipata nafuu aliona kweli. Tena viungo vikali vya soget vimepimwa na kuonekana kuwa na nguvu. Mwaka 1976 Isao Kubo na Koji Nakanishi, pamoja na wenzao katika kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilichoanzishwa Nairobi na Thomas Odhiambo, walieleza kuwa viwavijeshi hukataa kabisa kula jani lililopakwa dawa iliyotolewa katika miti ya jamii ya soget. Baadaye vitu hivyo vilionekana pia kuua kuvu katika vyombo vya maabara. Lakini chombo cha maabara si tumbo la mtu. Kitu kinachoua kuvu katika kioo chaweza kuharibiwa na tindikali kabla ya kufanya kazi yoyote, au chaweza kuudhuru ukuta uleule uliokusudiwa kuponywa. Kumbuka habari ya gome la mti wa Ulaya uitwao wilo: mwaka 1763 kasisi mmoja wa Kiingereza, Edward Stone, aliandika kuwa gome hilo huteremsha homa, kutokana na elimu hiyo, mwaka 1897, katika kampuni ya Bayer ya Ujerumani, ilitengenezwa asipirini. Na asipirini, pamoja na ndugu zake ibuprofeni na diklofenaki, ndiyo sababu kubwa ya pili ya vidonda vya tumbo duniani. John Vane alieleza mwaka 1971 jinsi inavyofanya kazi: huzuia kiini kiletacho maumivu, lakini kiini hichohicho ndicho kiulindacho ukuta wa tumbo. Mchuma chai abebaye kikapu mgongoni kutwa, anunuaye vidonge vya mgongo dukani na kuvimeza bila kula, yuko katika hatari hiyo hata kama hana kijidudu kimoja tumboni.

Lipo jambo jingine la Bomet ambalo siwezi kulipita upesi. Neno la mgonjwa huwa moja, "kifua chaniunguza" au "tumbo laniuma", lakini magonjwa nyuma ya neno hilo ni mengi. Katika Hospitali ya Tenwek waliona kwa miaka mingi wagonjwa wa saratani ya umio, yaani ile njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mwaka 2002 Russell White na wenzake waliandika katika jarida la Lancet kuwa saratani hiyo ni ya kawaida Bomet, tena huwapata vijana. Wengine hawajafika miaka 30, umri ambao katika nchi nyingi ugonjwa huo haujulikani kabisa. Sababu zinachunguzwa. Moshi wa kuni katika nyumba zisizo na madirisha umetajwa, na upungufu wa vyakula bora, na mkaa wa mursik, na pia chai inywewayo ikichemka. Mwaka 2016 lile shirika la utafiti wa saratani lilisema kuwa vinywaji vyenye moto wa zaidi ya nyuzi 65 yamkini huleta saratani ya umio. Hakuna lolote kati ya hayo lililothibitishwa kuwa ndilo la Bomet peke yake.

Kijana wa namna hiyo huanza kwa kuhisi chakula kinakwama. Nyama hukwama kwanza, halafu ugali, halafu uji. Nyumbani husema ni vidonda, akachemshiwa gome; au duka la dawa humuuzia kidonge cha tindikali, jambo ambalo ni kosa lilelile katika mavazi mengine. Miezi hupita. Hospitali ya Tenwek ina mpira mwembamba wenye taa na kamera, unaoingizwa mdomoni ukaonyesha umio na tumbo kwa dakika chache. Lakini wengi hufika wakati maji tu ndiyo yanayopita, na hapo kazi ya daktari ni kuweka bomba dogo la waya ili mgonjwa aweze kumeza tena katika siku zilizosalia. Mtu asiyeweza kumeza, anayetapika damu, anayetoa choo cheusi au anayekonda bila sababu, huyo hana siku za kujaribu dawa, iwe ya miti au ya dukani.

Mwaka 2017 Sheria ya Afya ya Kenya iliitambua tiba ya asili na kuagiza iwekewe utaratibu, na mwaka uliotangulia ilikuwa imepitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Ni safari ndefu kutoka mwaka 1925. Lakini wakati sheria zilipokuwa zikiandikwa, miti ilikuwa na shida yake. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata hataza ya dawa ya tezi ya wazee iliyotengenezwa kwa gome la tendwet, na tangu hapo gome lilikatwa kwa tani katika Kamerun, Madagaska na Kenya likapelekwa Ulaya, mpaka mwaka 1995 mti huo ukawekwa katika orodha ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa husimamiwa. Soget haukuvutia Ulaya kiasi hicho; wenyewe kwa wenyewe tumetosha kuumaliza. Chepkerichot wa zamani alichukua ubao mwembamba wa gome upande mmoja wa mti, na jeraha likajifunga. Mwuzaji wa gome la sokoni huuchuna mti kuuzunguka wote, na mti uliochunwa hivyo hukauka ukiwa umesimama.

Huko Londiani, katika Kaunti hiihii ya Kericho, Taasisi ya Utafiti wa Misitu ina kituo chake, na soget ni mmoja wa miti ambayo wataalamu wa taasisi hiyo wamehimiza ipandwe mashambani. Majani yake huwasha ulimi kama gome, na kuyachuma hakuui mti. Ugumu uko katika mbegu. Haziwekeki ghalani kama mahindi. Zikikauka hufa, na kwa hiyo anayetaka kuupanda hana budi kuziokota zikiwa mbichi chini ya mti mzima ulio hai, akazitia udongoni baada ya siku chache tu.